Anzeni na Gati
Barua ya wazi kwa wahandisi, manahodha na wapanga bajeti wa bandari za Ziwa Nyasa

Ndugu zangu,

Barua hii inatoka Ipyana, Kyela, na inahusu jambo moja tu: namna meli zetu zinavyofika. Safari zenyewe sizizungumzii, wala siombi meli mpya. Meli tunazo. Ninachoomba ni kwamba mkitazame upya kile kipande kifupi cha maji kilichopo kati ya mahali nahodha anapopunguza mwendo na mahali kamba inapofungwa gatini. Usafiri wa ziwa hili hukwama hapo, na fedha za umma zilizowekwa kwenye meli hukosa kuzaa matunda hapo hapo.

Kazi iliyofanyika tumeiona. Barabara ya Kikusya–Ipyana–Matema, kilomita 39.1, leo ni lami. Mkulima wa mpunga wa huku hana haja tena ya kungoja jua likaushe njia ndipo atoe magunia yake. Barabara ya kutoka Ibanda kupitia Kajunjumele hadi bandari za Kiwira na Itungi, kilomita 32, nayo imeingizwa kwenye mpango wa lami. Majini, meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma zilizinduliwa mwaka 2017, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000. Januari 2021 ikafuata MV Mbeya II, abiria 200 na mizigo tani 200. Zote tatu zimejengwa na Songoro, kampuni ya Watanzania kutoka Mwanza, na zimejengwa hapa hapa Kyela, mbele ya macho yetu. Vijana wa huku walijifunza kuchomelea vyuma katika kazi ile. Upande wa pili wa safari, Mbamba Bay, bandari mpya ilipewa mkandarasi na mabilioni ya kuijenga.

Barabara inafika hadi mlangoni mwa bandari, meli zipo, na mwisho wa safari kule Ruvuma unajengwa. Kilichobaki katikati ni mchanga.

Watu wa umri wangu wanajua historia hii kwa miguu yao. Enzi za Wajerumani na za Waingereza, meli zilishusha mizigo Mwaya. Baadaye bandari ya Kyela ikawa Itungi, na wengi wetu tuliwapokea ndugu zetu pale, wakishuka kutoka MV Songea na MV Iringa. Mchanga ukaijaza Itungi, kina kikapungua, shughuli zikahamishiwa Kiwira. Sasa tunaiita Kiwira bandari, tunailetea lami, tunaipangia maghala. Ninayo hofu, na ninaieleza waziwazi: kama sababu iliyoiua Itungi haijashughulikiwa, basi Kiwira tumeipa muda tu. Kuhama si kutengeneza. Kila tunapohama tunaacha nyuma gati, ofisi, ghala, uzio, vibanda vya mama lishe na nyumba za wapagazi, na sehemu mpya tunayokwenda iko kwenye ufuko ule ule, chini ya mito ile ile.

Wageni wengi hushangaa wakisikia meli inakosa maji katika Ziwa Nyasa. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 570, na mahali penye kina kirefu kabisa linafika kama mita 700. Ni kati ya maziwa yenye kina kirefu zaidi duniani. Lakini kina hicho hakiko Kyela. Bonde letu lote, kuanzia Mto Songwe mpakani na Malawi hadi Matema, ni udongo ulioletwa na mito ukajaza ncha ya kaskazini ya ziwa, ndani ya Bonde la Ufa. Mpunga wetu unastawi juu ya udongo huo. Kakao yetu vilevile. Na udongo huo haukukoma kushuka siku mwanadamu wa kwanza alipojenga nyumba juu yake. Unaendelea kushuka kila masika, na ukifika ziwani unaendelea kujenga tambarare ile ile, safari hii chini ya maji, mbele ya gati.

Ukivuka Matema ukafuata ufuko wa mashariki, mambo yanageuka. Milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja. Hatua chache kutoka ufukweni maji yamekwisha kuwa na kina kirefu. Wajerumani walipotafuta kituo chao cha kwanza upande huu wa ziwa, katika miaka ya 1890, walikiweka chini ya milima hiyo na kukiita Langenburg, kabla ya kuhamia Tukuyu. Kule meli haikosi maji. Inakosa mahali pa kujikinga na mawimbi, inakosa tambarare ya kuweka mizigo, na katika vituo vingi inakosa gati lenyewe. Kwa hiyo hata neno “tatizo la kutia gati” lina sura mbili kwenye ziwa moja, na dawa ya Kiwira haiwezi kuwa dawa ya Lumbila au Lupingu. Nalisema hili mapema kwa sababu mipango yetu mara nyingi huandikwa kwa ziwa zima kana kwamba lina ufuko mmoja.

Sasa twende kwenye meli inayokaribia.

Nahodha anatoka kwenye maji mengi, chini yake kuna mamia ya mita, chombo kinatii. Akikaribia ufuko wa kaskazini, sakafu ya ziwa inapanda polepole kumfuata. Meli ikiingia kwenye maji machache, maji yanayopita kati ya tumbo lake na mchanga hubanwa, hukimbia kwa kasi zaidi, na nguvu yake ya kuibeba meli hupungua. Meli inashuka chini kuliko ilivyokuwa imekaa kwenye maji mengi. Kwa hiyo hesabu ya nahodha aliyejua chombo chake kimezama kiasi gani alipoondoka Mbamba Bay si hesabu hiyo hiyo anapoingia Kiwira. Akiongeza mwendo, meli inashuka zaidi. Akipunguza, usukani unakosa maji ya kusukuma na unapoteza utii, na upepo wa ubavuni unaanza kuamua mahali omo itakapoelekea. Rafadha inachemsha mchanga. Maji yanayovutwa kupoza injini yanaingia na mchanga huo, yanaziba vichujio na kula pampu. Na kama meli imepakia vizuri, yaani imefanya kile hasa ilichojengewa, imezama zaidi na hatari ni kubwa zaidi. Adhabu inamwangukia anayejaza meli.

Akipwelewa hapo, hatuna tagi kubwa ya kumvuta. Anangoja, anapakua kwa boti, anajaribu kurudi kinyumenyume, na kila jaribio linakula rafadha na usukani. Siku ya pili tunasikia kwamba meli ni mbovu. Fundi anaitwa. Injini inafunguliwa, vipuri vinaagizwa, taarifa inaandikwa kwamba safari zimesitishwa kwa matengenezo. Ni kweli meli imeharibika. Lakini haikuanza kuharibika kwenye injini.

Naomba nitoe mfano wa mbali kidogo, kwa kuwa unafanana sana na hali hii. Ndugu zetu walioko Ulaya wanaziona kwenye bustani za majirani mashine za kukata nyasi zinazojiendesha zenyewe. Kampuni ya Husqvarna ya Sweden ilitoa yake ya kwanza mwaka 1995, iliyotumia nguvu ya jua. Zilizofuata zina kituo cha kuchajia, na nyingi hufuata waya uliofukiwa ardhini hadi zikaingia kituoni zenyewe. Mashine hiyo inaposhindwa kuingia, ikawa inagonga ukingo, inarudi nyuma, inajaribu tena hadi betri inakwisha, mwenyewe hudhani mashine imekufa. Fundi mwenye uzoefu haifungui kwanza. Anapiga magoti mbele ya kituo. Je, kimelala sawa, au ardhi imetitia upande mmoja? Waya umekatwa na jembe? Vibati vya kupitishia umeme vina kutu au uchafu? Nyasi zimeota mlangoni kiasi cha kuinua magurudumu? Kuna tope linalofanya yateleze? Akimaliza kukagua mahali pa kufikia, ndipo anageukia mashine. Utaratibu huo ni wa busara kwa sababu kituo ndicho kinachokaa nje mwaka mzima kikibadilika bila mtu kukitazama, ilhali mashine hukaguliwa kila siku na mwenye nayo.

Bandari yetu iko katika hali hiyo. Meli ina nahodha, ina fundi mkuu, ina cheti, ina mkaguzi. Sakafu ya ziwa mbele ya gati haina mtu anayeamka asubuhi akiulizwa habari zake. Ninawaomba mpindue utaratibu wa kutafuta tatizo. Meli ikishindwa kutia gati, swali la kwanza liwe: kina mbele ya gati ni kiasi gani leo? La pili: mkondo wa kuingilia uko wapi leo, na maboya yanaonyesha mkondo wa leo au wa mwaka juzi? La tatu: usawa wa ziwa umepanda au umeshuka tangu kipimo cha mwisho? Hapo ndipo tufike kwenye injini.

Kwa nini nasisitiza kwamba meli isitolewe kafara kwa kosa la gati? Kwa sababu ziwa hili halina mlango. Maji yake hutoka kwa Mto Shire kwenda Zambezi, na katikati ya Shire kuna maporomoko ambayo hakuna meli inayoyapita. Wajerumani walipoileta meli yao ya Hermann von Wissmann, waliibeba vipande vipande na kuiunga upande huu wa maporomoko, ikaingia majini mwaka 1893. Meli ya leo nayo inazaliwa kwenye mchanga wa Kyela kwa sababu hiyo hiyo. Haiwezi kwenda kutibiwa Mwanza, Dar es Salaam wala Mombasa. Ikipinda rafadha, itavutwa juu ya chelezo cha ziwa hili au haitavutwa. Na meli iliyo kwenye chelezo haina uwezo wowote. Tarehe 13 Agosti 1914 Waingereza wa meli ya Gwendolen waliikuta Wissmann imepandishwa kwa matengenezo Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo, wakaipiga kabla watu wake hawajapata habari kwamba vita vimeanza. Mara nyingi simulizi ile husimuliwa kama jambo la kuchekesha. Mimi huiona kama habari ya usafiri: chombo kikubwa kuliko vyote vya upande mmoja wa ziwa kilitolewa kazini kikiwa nchi kavu, na hakukuwa na cha kuchukua nafasi yake.

Sasa mchanga wenyewe, kwa kuwa hapa ndipo penye kazi kubwa.

Mlima Rungwe una urefu wa karibu mita 2,960. Ziwa liko kwenye mita 474 hivi. Umbali kati ya kilele na ufuko unazidi kidogo tu kilomita 50. Mito inayoteremka pale, Kiwira ukiwa maarufu kuliko yote kwa Daraja la Mungu na Kijungu, haina nafasi ya kupumzika hadi ifike kwetu. Ardhi inayoipitia ni ya volkano, majivu na mawe mepesi yanayobebeka kirahisi. Kyela hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hushuka masika, Machi hadi Mei. Mito ya Mbaka, Lufilyo na Songwe inafanya kazi hiyo hiyo kila mmoja kwenye sehemu yake. Mto ukifika tambarare unapoteza kasi, na mto unaopoteza kasi unatua mzigo.

Kisha unakuja upepo wa kusi. Wenzetu wa Malawi huuita mwera, na unavuma kwa nguvu miezi ya kiangazi cha baridi, kuanzia Mei hadi Agosti. Ziwa limelala kaskazini hadi kusini. Upepo huo una mamia ya kilomita za maji matupu ya kuinulia mawimbi kabla haujatufikia. Sisi tuko mwisho wa njia yake. Mawimbi hayo yanauchukua mchanga ambao mito imeuleta masika, yanausogeza kando ya ufuko na kuurudisha kwenye kila kona iliyotulia. Na gati hujengwa kwenye kona iliyotulia. Kwa hiyo kila mwaka bandari inapata pigo mara mbili: mto unaleta, wimbi linapanga. Anayechimba mchanga mwezi Februari, kabla ya masika na kabla ya kusi, amelipa fedha nyingi kwa wiki chache za raha. Anayechimba baada ya kusi kutulia, akiwa na kipimo mkononi, amenunua msimu mzima. Ratiba ya fedha ya Serikali huanza Julai. Ratiba ya ziwa ina kalenda yake. Naomba watu wa bajeti wakae na watu wa ziwa walinganishe kalenda hizo mbili.

Kuna pia jambo la usawa wa maji, ambalo husahaulika kwa kuwa hubadilika taratibu. Karne iliyopita, kuanzia mwaka 1915 hivi hadi miaka ya 1930, ziwa lilikuwa limeshuka hata likaacha kumwaga maji kwenye Shire. Baadaye likapanda hadi kilele chake karibu mwaka 1980, likashuka tena miaka ya 1990. Kati ya usawa wa 1915 na ule wa 1980 tofauti inazidi mita 5. Mtu akijenga gati katika miaka ya maji mengi atasifiwa. Mtoto wake ataliona limesimama kwenye nchi kavu. Tangu miaka ya 1960 Malawi ina kizuizi Liwonde kinachodhibiti sehemu ya maji yanayotoka, na hupima usawa wa ziwa Chilumba, Nkhata Bay na Monkey Bay. Vipimo hivyo ni vya ziwa letu sote. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, ninyi ndio mnaofahamiana na wenzenu wa ng'ambo. Tarakimu hizo zifike mezani kwa mkuu wa bandari kila mwezi, ziungane na vipimo vya kina. Kina cha gatini ni usawa wa maji ukitoa urefu wa mchanga, na vyote viwili vinatembea. Kupima kimoja bila kingine ni kujidanganya.

Ndiyo sababu ombi langu la kwanza na kubwa kuliko yote ni bildi, yaani kipimo cha kina. Pimeni. Kila baada ya masika, na tena kusi ikishatulia, mkondo wote wa kuingilia Kiwira na eneo lote la kugeuzia meli lipimwe kwa chombo cha kisasa cha kupima kina, na ramani yake ichorwe. Chombo hicho siku hizi kinafungwa kwenye boti ndogo. Vipimo viwili vya mwaka mmoja vitatuambia kitu ambacho mabishano ya miaka yote hayajatuambia: mchanga unarudi kwa kasi gani, na kutoka upande upi. Bila namba hiyo hakuna mhandisi anayeweza kusema kwa haki kama dawa ya Kiwira ni kuchimba kila mwaka, au kurefusha gati hadi kwenye maji mengi, au kujenga ukuta wa kuvunja mawimbi. Ukuta hasa unahitaji uangalifu. Kwenye ufuko wa mchanga, ukuta unaozuia mchanga upande mmoja huunyima upande wa pili, na ufuko wa pili huanza kuliwa. Watu wa vijiji vilivyo kando ya bandari wana haki ya kuelezwa hilo kabla jiwe la kwanza halijamwagwa.

Kipimo kikishapatikana, kisifungiwe kabatini. Kibandikwe. Kwenye lango la bandari, kwenye ofisi ya kukatia tiketi, stendi ya Kyela mjini, na redio za hapa zikisome pamoja na hali ya hewa: leo kina cha gati Kiwira ni kiasi hiki, meli inayoruhusiwa kuingia isizame zaidi ya kiasi hiki. Mfanyabiashara wa mchele akijua kwamba wiki hii meli itapakia nusu, atapanga magunia yake. Mama anayempeleka mgonjwa atajua. Nahodha naye hatalazimishwa na mtu yeyote aliyeko ofisini kuingia mahali ambapo ubao wa bandari yenyewe unasema hapaingiliki. Namba iliyo hadharani inamlinda nahodha kuliko waraka wowote.

Mchanga unaochimbwa upelekwe wapi? Ukimwagwa kando ya mkondo, kusi itauleta tena bila malipo. Kyela ina barabara za vijiji zinazozama kila masika, ina viwanja vya shule vinavyotuama maji. Halmashauri na bandari wakubaliane mapema, mchanga unaofaa utumike kuinua maeneo hayo baada ya kupimwa ubora wake.

Na juu mtoni? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sote tunajua ukingo wa mito yetu unavyolimwa. Sitamlaumu mkulima mwenye eneo dogo ambaye ukingo ndio shamba lake. Nawaomba ninyi mnaoshika fedha za bandari muione miti ya ukingoni kama sehemu ya bandari. Matete, mianzi na miti inayoshika udongo kule Rungwe na Busokelo inafanya kazi ambayo mtambo wa kuchimba utalazimika kuifanya huku chini kwa bei ya dizeli. Sehemu ndogo ya fedha za kuondoa mchanga ikienda kwa wakulima wa ukingoni, kwa makubaliano ya maandishi na miche wanayoitaka wenyewe, nina hakika hakuna fedha nyingine ya bandari itakayodumu zaidi. Kule Kisumu walikaa miaka mingi wakipigana na magugu maji yaliyokuwa yakifunga bandari yao, na chakula cha magugu yale kilikuwa kikitoka nchi kavu, kwenye mashamba na mifereji ya miji. Tatizo la gati mara nyingi huanzia mbali na gati.

Nageukia ufuko wa milima. Lumbila, Makonde, Lupingu, Manda: kwa watu wa huko njia ya maji ndiyo njia ya kila siku. Wanawake wa Kikisi wanaofinyanga vyungu Ikombe huvileta sokoni Lyulilo kwa mitumbwi, na vyungu hivyo vinafika Mbeya na mbali zaidi. Mahali pasipo na gati, meli husimama majini na abiria hushuka kwa boti ndogo, mtoto anapokezanwa mkono kwa mkono, gunia linarushwa, bibi anangoja wimbi liinue boti ndipo aruke. Huko pia ni kutia gati, na ndiko kwenye hatari kubwa kuliko kukwama mchangani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekwisha kulikaribia gati la Bwisya, kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 220 walikufa wakiwa wanaiona nchi kavu. Kivuko kile kilikuwa kimezidisha watu, na hatari ya chombo kilichozidisha huwa kubwa zaidi pale kila mtu anapoinuka kutaka kushuka.

Kwa vituo hivyo siombi magati ya zege kila mahali. Naomba boti za kushushia abiria ziwe za bandari na zikaguliwe kama meli inavyokaguliwa. Kila anayeshuka avae jaketi la kuokolea maisha, ambalo lirudi melini kwa safari ijayo. Kuwe na maboya imara ya kufungia meli ili isizunguke kwenye nanga. Kuwe na taa ufukweni inayowaka kweli usiku. Nahodha apewe mamlaka ya kupita kituo bila kusimama ziwa likichafuka, na abiria aliyepitishwa arudishwe bila kulipa tena. Ikiwa nahodha anajua kwamba kupita kituo kutamletea matusi na makato, siku moja atasimama mahali asipopaswa kusimama.

Wapo watakaonijibu kwamba mambo haya yako chini ya taasisi tofauti. Najua. Bandari ziko chini ya mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Bandari ya mwaka 2004, meli ziko chini ya kampuni ya Serikali tuliyoizoea kwa jina la MSCL na ambayo sasa ni TASHICO, usalama wa vyombo unasimamiwa na TASAC, maji yana bodi yake, barabara zina wakala wake, na ukingo wa mto uko kwenye kijiji. Meli inapokwama, kila mmoja ana sababu ya kweli ya kusema si mimi. Hakuna aliyedanganya, na meli imekwama. Kwa hiyo naomba awepo mtu mmoja, kwa jina na cheo, ambaye kazi yake ni kuandika kila tukio la meli kushindwa au kuchelewa kutia gati katika bandari zote za Tanzania kwenye ziwa hili: tarehe, saa, upepo, usawa wa ziwa, uzito uliopakiwa, kina kilichopimwa, kilichofanyika. Daftari moja. Baada ya misimu miwili litaonyesha lenyewe ni wapi pa kuweka shilingi ya kwanza.

Manahodha, ninyi mnajua zaidi ya ramani yoyote. Mnajua fungu la mchanga lilipohamia, mnajua ni saa ngapi kusi hutulia, mnajua meli inavyokataa kugeuka ikifika mahali fulani. Maarifa hayo yako vichwani mwenu na mengine yameshakwenda makaburini na waliokuwa wakiendesha MV Songea na MV Iringa. Naomba mwalikwe mezani kabla ya washauri waelekezi kuandika ripoti, mkae na kijana mwenye kompyuta, mchore pamoja.

Nasi wananchi tupo. Tuko tayari kuambiwa ukweli kuhusu Kiwira, hata kama ukweli huo ni kwamba pale si mahali pa kudumu. Tunaomba mkutano wa hadhara Kiwira kabla ya masika yajayo, wahandisi, manahodha, bodi ya maji na halmashauri mkiwa kwenye meza moja, na vipimo vya kina vya mwisho vikiwa vimebandikwa ukutani ambapo kila mtu anaweza kuvisoma. Kama vipimo hivyo havijafanyika, basi mkutano uanze kwa kututajia tarehe vitakapofanyika na jina la atakayevifanya.

Wenu katika ujenzi wa nchi,
Mkazi wa Ipyana, Kyela